Anti, "kaibiwa tuzo" ni neno la kuandika au la kumeza?

Shikamoo Anti,

Mimi ni mmoja wa maadmini wa kundi la mashabiki wa tamthilia za mchana za Marekani, zile zinazoonyeshwa kila siku ya kazi mwaka mzima: General Hospital, The Young and the Restless, The Bold and the Beautiful, Days of Our Lives na sasa Beyond the Gates. Usiku wa tuzo za Daytime Emmy mimi ndiye ninayeandika: nani kaitwa, nani kashinda, nani kalia jukwaani, na mimi nimeuonaje ushindi huo. Wengi hawana namna ya kutazama, wanategemea posti zangu.

Kila mwaka bahasha ya mwigizaji mkuu wa kike ikifunguliwa, kundi linapasuka. Upande mmoja unajaza "kaibiwa! kaibiwa!" na wengine wanatoka hapo kwenda kumtukana mshindi kwenye akaunti yake mwenyewe. Upande wa pili unaongozwa na admini mwenzangu, kaka tunayemheshimu wote, naye anasema shabiki hana ubavu wa kumpinga jaji, tuweke majina ya washindi basi, maoni kila mtu akae nayo nyumbani. Mimi naona orodha tupu ya majina hata gazeti linayo, sasa kundi la mashabiki lina kazi gani?

Naomba unisaidie haya. Inakuwaje mwigizaji aliyebeba hadithi mwaka mzima ashindwe na aliyeonekana mara chache? Kuna namna ya kusema "hakustahili" bila kuonekana una kijicho? Kwa nini vipengele vingine havionyeshwi kabisa, hotuba zinakatwa, na kwenye kumbukumbu ya marehemu majina mengine hayapo? Na matokeo yakivuja kabla kipindi hakijarushwa, niyaandike au niyafiche? Tunao pia wanaofuatilia tuzo za Uingereza, na huko ndiko yanakovuja zaidi.

Wako,
Mshika Rimoti

*

Marahaba mwanangu,

Shabiki ana ubavu wa kumpinga jaji, mwambie kaka yako hivyo kwa heshima zote. Sharti ni moja: ampinge kwa kile ambacho jaji alikitazama. Wanaopiga kelele za "kaibiwa" wanahukumu mwaka mzima wa tamthilia, wakati jaji alihukumu vipande vichache. Hapo mnabishana juu ya vitu viwili tofauti mkidhani ni kimoja.

Anza na swali ambalo makundi mengi hayaulizi: nani kapiga kura? Daytime Emmy, zilizoanza 1974, hutolewa na NATAS, taasisi ya wanataaluma wa runinga. Vipengele vya uigizaji huamuliwa na watu wa fani yenyewe, si watazamaji. Kampeni zenu za "tumpigie kura dada yetu" hazifiki popote huko. Uingereza mambo ni mengine. National Television Awards huamuliwa na kura za watazamaji, kwa hiyo mwenye mashabiki wengi na wenye bidii ana nafasi kubwa. British Soap Awards, zilizoanza 1999 kwenye kituo cha ITV cha Uingereza, zimechanganya: vipengele vichache, kikiwemo cha tamthilia bora, ni vya watazamaji, na vingine ni vya jopo. Mtu akilalamika, mjibu kulingana na kipengele. Pale watazamaji walipopiga kura, aliyeshindwa kakosa wapigakura, basi. Pale palipo na jopo, mnaweza kujadili ubora wa kazi, na hapo ndipo mjadala unapokuwa na utamu.

La pili ni mwaka. Daytime Emmy hupima kazi zilizorushwa Marekani ndani ya mwaka wa kalenda uliotangulia, Januari hadi Desemba. Hafla ya Oktoba 2025 kule Pasadena ilikuwa ya kazi za 2024. Ndiyo maana Beyond the Gates, iliyoanza kurushwa kwenye kituo cha CBS tarehe 24 Februari 2025, haikuwamo, na kila aliyeandika kwamba imebaguliwa alikuwa anapigana na kalenda. Mwaka 2023 ulikuwa mbaya zaidi kwa kumbukumbu za watu: hafla iliyopangwa Juni ilisogezwa na migomo ya Hollywood hadi 15 Desemba, lakini kilichopimwa kilikuwa kazi za 2022. Onyesho la Januari 2022 lilikuwa na umri wa miezi 23 siku ya tuzo. Mshabiki gani anakumbuka vizuri kiasi hicho bila daftari? Na mnaotazama katika nchi ambazo vipindi huchelewa miezi au hata miaka, mna tatizo juu ya tatizo, kwa sababu onyesho lililokulizeni juzi huenda lilishapita kwenye mizani zamani. Kabla hujaandika "na lile onyesho la kwenye harusi je?", tafuta tarehe ya kurushwa kwake Marekani. Ikitoka nje ya mwaka unaopimwa, futa sentensi hiyo.

Sasa lile swali lako kubwa, la aliyebeba hadithi mwaka mzima. Mwigizaji anapowania, huwasilisha vipande alivyochagua kutoka kwenye kazi yake ya mwaka huo. Jaji anaangalia hivyo. Hana wajibu wa kujua kwamba mhusika huyu alimpoteza mtoto miaka 6 iliyopita, au kwamba mwanamume anayemkumbatia ni kaka wa mume wake wa tatu. Kwa hiyo onyesho linaloshinda mara nyingi ni lile linalojieleza lenyewe: lina mwanzo, linapanda, linavunjika, linaisha. Kifo, ugonjwa wa kusahau, mtu kukiri kosa mbele ya mahakama, mwigizaji mmoja kucheza pacha wawili wanaozungumza. Hayo hata mtu aliyeingia sebuleni katikati ya kipindi anayaelewa.

Anayepata hasara ni yule wa kazi ya polepole. Kuna waigizaji ambao ubora wao uko kwenye kusikiliza, kwenye kumtazama mwenzake anayesema uongo na kunyamaza, jambo linalojengwa kidogo kidogo tangu Februari na kulipuka Novemba. Mtazamaji wa kila siku anaona jengo zima. Jaji anaona tofali mbili. Ukiandika "amekosa kwa sababu kazi yake haikatiki vipande", umesema jambo la kweli ambalo hata mpinzani wako atalitafakari. Ukiandika "kaibiwa", umemaliza mazungumzo.

Nyongeza hapo: mwigizaji mkuu na mwigizaji msaidizi hawatenganishwi kwa kuhesabu maonyesho. Ni uamuzi wa wanaowasilisha. Ndiyo maana unaweza kumwona mtu mwenye hadithi kubwa kwenye kipengele cha usaidizi. Wengine huona ni ujanja. Mimi naona ni haki yao, ila shabiki anayo ruhusa ya kuguna.

Kuhusu hoja ya "zamu yake ilishafika", mfano mkubwa ni Susan Lucci, aliyemwigiza Erica Kane kwenye All My Children tangu tamthilia hiyo ilipoanza 1970. Aliteuliwa mara ya kwanza 1978, akakosa mara 18, akashinda uteuzi wa 19 mwaka 1999, na ukumbi ukasimama kumpigia makofi kwa dakika kadhaa. Watu huukumbuka usiku ule kwa machozi, na ni haki. Lakini angalia miaka ile 18 kwa utulivu: kila mwaka kulikuwa na mwanamke mwingine mwenye vipande vyake. Erika Slezak wa One Life to Live alichukua tuzo hiyohiyo mara 6, na hakuna mwenye akili timamu anayesema Slezak hakujua kazi. Upande wa wanaume, Anthony Geary, Luke Spencer wa General Hospital, alishinda mara 8. Hakuna foleni pale. Ukitaka kuandika kuhusu miaka ya kusubiri, iandike kama habari ya moyo, kwamba ungefurahi kumwona akipanda jukwaani. Usiitumie kama hoja ya nani alifanya kazi bora mwaka huo.

Kuna hoja nyingine inayopendwa na wachambuzi wa makundini: "walikuwa watatu wa tamthilia moja, wakagawana kura." Iache mpaka uwe na hakika na utaratibu wa mwaka husika. Kama kila jaji anaweka alama kwa kila mteule peke yake, watatu wa nyumba moja hawali kura za wenzao. Kugawana hutokea pale mtu anapochagua jina moja tu.

Tuje kwenye kazi yako ya usiku wenyewe. Kazi hiyo inafanyika zaidi kabla ya hafla kuliko wakati wake. Majina ya walioteuliwa yakitoka, chukua orodha rasmi, si picha inayozunguka mitandaoni, maana picha hizo huacha majina na kukosea tahajia. Tengeneza karatasi au jedwali kwenye simu. Kwa kila mteule andika jina la mwigizaji, jina la mhusika, tamthilia, ameshawahi kushinda mara ngapi na kwa kipengele kipi, na onyesho unalodhani ndilo lililompa uteuzi. Jina la mwigizaji na la mhusika yatenganishe kabisa. Saa ya presha kidole hukimbilia jina la mhusika, ukajikuta umeandika kwamba Victor Newman kashinda badala ya Eric Braeden. Na mhusika akiwa amebadilishiwa mwigizaji katikati ya mwaka, tuzo inamfuata mtu, haimfuati mhusika. Andika mapema ni yupi kati yao aliyeteuliwa.

Kisha weka safu mbili za ubashiri, na hizi ndizo zitakazokuokoa na ugomvi. Safu ya kwanza: nadhani atashinda nani. Safu ya pili: mimi namtaka nani. Zijaze zote kabla ya zulia jekundu na uzitume kundini zikiwa hivyo hivyo. Mtu akiona mapema kwamba ulimtaka A lakini ukabashiri B, hatakuita mnafiki B akishinda. Wanachama nao wajaze zao. Utashangaa wangapi, wakilazimishwa kutenganisha safu hizo mbili, wanakiri wenyewe kwamba kipenzi chao hakuwa na vipande vya kushinda mwaka huo.

Bahasha ikifunguliwa, posti ya kwanza iwe kavu: kipengele, jina la mshindi, mhusika, tamthilia. Usiiandike kwa kusikia tu. Makofi huanza kabla jina halijaisha, na majina mawili ya kwanza yakifanana umekwisha. Subiri maandishi yatokee kwenye skrini au akaunti rasmi ya tuzo ithibitishe. Maoni yako yaje kwenye posti ya pili, dakika 5 baadaye. Dakika hizo 5 zina kazi: mshindi anakuwa ameshazungumza, hasira ya kwanza imeshuka, na wewe umeshaangalia karatasi yako.

Jambo linalowapotosha wengi ni vile vipande vya sekunde chache vinavyoonyeshwa wakati majina yanasomwa. Watu huvitazama na kuandika "kwa kilio kile tu ndiyo apewe tuzo?" Vile vimekatwa na watengenezaji wa kipindi ili kupamba usomaji wa majina. Jaji alitazama kitu kirefu zaidi. Usihukumu uigizaji kwa sekunde 8 na uwakataze wenzako.

Maoni yenyewe yaandikwe vipi? Chukua mfano wa kubuni. Ya hovyo ni hii: "Jamani kaibiwa, yule dada hajui kuigiza, tuzo za kununua hizi." Ya shabiki anayejua kazi ni hii: "Nimeumia, nilimtaka yule mwingine. Onyesho lake la Machi la kusaini talaka alilibeba kwa macho tu, na hilo ni gumu kuliko kupiga kelele. Aliyeshinda alikuwa na lile la kukiri mahakamani, ambalo hata asiyejua hadithi angelielewa tangu neno la kwanza. Nadhani hapo ndipo alipomzidi. Bado mimi ningempa wa talaka." Umeona? Umeumia wazi, umetaja maonyesho mawili, umekisia sababu, na hujamgusa mtu utu wake. Kijicho kinaonekana pale unapomzungumzia mshindi bila kutaja hata onyesho lake moja. Kama huwezi kutaja onyesho la mshindi kwa sababu hufuatilii tamthilia yake, sema hivyohivyo: "sijamtazama mwaka huu." Hakuna aibu. Kwa tamthilia zinazotoka siku 5 kwa wiki, hata waandishi wa habari za burudani hawazimalizi zote.

Ukitoa hukumu juu ya uigizaji, weka akilini pia mazingira ya kazi. Studio hizi hupiga kurasa 80 na zaidi za mswada kwa siku moja, na mwigizaji mara nyingi anapata nafasi moja au mbili za kulirekodi onyesho. Kulinganisha na filamu iliyochukua siku nzima kwa ukurasa mmoja au miwili si haki. Kinachosifiwa hapa ni mtu kufika kwenye ukweli wa hisia kwa haraka hiyo.

Kuhusu vipengele visivyoonyeshwa, piga hesabu kidogo. Kipindi cha saa 2 kina dakika 120. Matangazo ya biashara kwenye mitandao mikubwa ya Marekani hula robo ya muda au zaidi, kwa hiyo zinabaki kama 85 hadi 90. Tuzo moja, kuanzia mkabidhi anapoingia na utani wake, majina, vipande, bahasha, mshindi kukumbatiana na nusu ya ukumbi, kutembea, kuzungumza, ni dakika 3 na nusu hadi 4. Tuzo 15 zinakula karibu saa nzima. Nusu saa iliyobaki ndiyo ya mshereheshaji, heshima kwa wakongwe, kumbukumbu ya marehemu na mbwembwe nyingine. Na usisahau kwamba Daytime Emmy si za tamthilia peke yake. Vipindi vya mazungumzo, mapishi na safari vimo humo humo. Vipengele vya ufundi, yaani mavazi, taa, nywele, uhariri, muziki, kwa miaka mingi vimetengewa hafla yake ya Creative Arts. Lalamiko lenye uzito si "mbona hamkuonyesha vyote". Ni "mmetumia dakika 4 kwa wimbo, mkamkata mwandishi bora kwenye sekunde ya 40." Shika saa, hesabu, andika hivyo. Lalamiko lenye namba halipuuzwi kirahisi.

Mnaosema zamani hafla ilikuwa tamu zaidi, mko sahihi kwa sehemu, ila sababu haiko kwa mshereheshaji. Tamthilia zenyewe zimekufa: Guiding Light iliondoka hewani 2009, As the World Turns 2010, All My Children 2011, One Life to Live 2012 mwanzoni. Days of Our Lives ilihamia Peacock, huduma ya kutazama mtandaoni, Septemba 2022. Zilipobaki 4, hafla ikakosa makao ya kudumu: 2014 na 2017 ilikuwa ya mtandaoni, 2016 haikurushwa kwenye runinga, 2020 ikarudi CBS kwa mtindo wa mbali kwa sababu ya korona, na ile ya 2025 ikarushwa mtandaoni. Kwa ushindani pia ni jambo la kuzingatia. Tamthilia zikiwa 4, wateule 5 wa kipengele kimoja lazima angalau wawili watoke nyumba moja. Hiyo si njama.

Majina yaliyokosekana kwenye kumbukumbu ya marehemu yanauma kuliko kukosa tuzo, na hapa nakuomba uwe mpole na makini kwa pamoja. Kwanza angalia tarehe ya kifo. Orodha huwa inaanzia karibu na hafla iliyopita, na mtu aliyefariki siku chache kabla ya kipindi huenda hakuingia kwenye video iliyokwisha kukatwa. Pili, tazama tovuti rasmi, maana waandaaji wa tuzo kama hizi wamezoea kuweka huko orodha ndefu kuliko ile ya kwenye skrini. Ukikuta jina kweli halipo popote, andika posti yako mwenyewe ya kumuenzi: jina, mhusika, tamthilia, miaka aliyoigiza. Hiyo inamsaidia marehemu kuliko posti 20 za kulaani waandaaji.

Matokeo kuvuja. British Soap Awards za 2025 zilifanyika Hackney Empire, London, 31 Mei, na ITV1 ikazirusha 5 Juni. Siku 5 nzima washindi wanajulikana, magazeti yanaandika, na mtazamaji wako bado anasubiri kipindi. Marekani tofauti ni ndogo lakini ipo: hafla ikirushwa mubashara saa 2 usiku mashariki, pwani ya magharibi inaweza kuipata saa 3 baadaye. Usifiche habari iliyokwisha kutangazwa hadharani, utaonekana wa mwisho kujua. Lakini usimmwagie mtama asiyeomba. Fungua uzi mmoja wa matokeo, kichwa chake kiseme tu "Washindi wamo ndani", na mistari mitatu ya kwanza isiwe na jina lolote, kwa sababu simu huonyesha mistari ya mwanzo kwenye taarifa hata mtu asipofungua. Picha nazo huvujisha. Mtu akishika sanamu mkononi hakuna haja ya maneno, kwa hiyo picha ya kwanza iwe nembo ya hafla au ukumbi. Nje ya uzi huo, anayetaja mshindi kabla ya kipindi kurushwa anafutiwa posti bila mjadala. Tangazeni sheria hiyo siku mbili kabla, si baada ya mtu kukosea.

Wanaokwenda kumtukana mshindi kwenye akaunti yake, hapo sina upole. Wapigeni onyo mara moja, wakirudia watoeni. Na ninyi wenyewe mkiandika ukosoaji, msiweke kiungo cha akaunti ya mwigizaji. Ukimtaja kwa akaunti yake, umempelekea mlangoni. Ukosoaji ni wa wanaofuatilia, haulazimiki kumfikia yeye usiku anaosherehekea na wazazi wake. Angalieni pia wale wanaomchukia mwigizaji kwa sababu ya mhusika. British Soap Awards wana tuzo ya mhusika mwovu wa mwaka, na anayeipata anapanda jukwaani akicheka, kwa sababu kuchukiwa kule ndiyo kazi aliyolipwa. Mkimchukia, mwandikieni kwamba mmemchukia sana. Atashukuru.

Na kaka yako usimwache nje. Mtu anayependa majina yawe sahihi na asiyependa maneno mengi ni dhahabu usiku wa tuzo. Mpe kazi ya kuhakiki. Kuanzia Januari mfungue daftari moja la pamoja: tarehe ya kurushwa Marekani, tamthilia, mwigizaji, onyesho kwa mstari mmoja. Wewe ujaze yaliyokugusa, yeye asahihishe tarehe na tahajia. Usiku wa hafla wewe unaandika posti kavu ya mshindi, yeye analinganisha na akaunti rasmi, na haitoki mpaka ajibu "sawa". Posti ya pili, ya maoni, ni yako peke yako na haipiti kwake.

Anti